Kabla Mtungi Haujashushwa Bandarini

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, kwa dada yangu Kimara, shemeji alivuta kiti chake karibu na changu akateremsha sauti, ingawa aliyekuwa anasemwa alikuwa pale pale uani anaosha vyombo.

"Shemeji, humu ndani mwenye kazi za mionzi ni wewe. Mwambie mtoto ukweli."

Ukweli wenyewe ni kwamba Tanzania haina kinu cha nyuklia hata kimoja, na binti yake, anayemaliza uhandisi wa mitambo pale Mlimani, anataka kuomba masta ya vyuma vya vinu. Shemeji hakusema kwa dharau. Ni mtu wa karakana. Ameshika kwa mikono yake ekseli zilizokatika, na anakijua chuma kuliko wahandisi wengi niliofanya nao kazi. Anachouliza ni swali la mzazi aliyelipa ada kwa tabu: akimaliza, ataajiriwa na nani?

Mpwa wangu alijipangusa mikono, akaja akasimama karibu na baba yake.

"Baba, mtungi wa kinu ukishashushwa bandarini tutakuwa tumeshachelewa."

Dada akanitazama. Shemeji akanitazama. Nikaomba nipewe muda.

Muda huo umekwenda wiki nyingi. Maneno ya mtoto yamenifuata kazini, barabarani, hadi kitandani, maana kila nilipodhani nimepata jibu, jibu lilizaa swali jingine.

Urani ninayoibeba garini

Wanaonisoma siku nyingi wanaijua kazi yangu: napiga picha vyuma. Bomba likishachomelewa, tunafunga filamu upande mmoja wa maungio, tunaweka chanzo cha mionzi upande wa pili, tunazungushia utepe eneo zima, kila mtu anakaa mbali. Filamu ikisafishwa inaonyesha kama ndani ya maungio kuna ufa, kiputo au takataka. Chanzo chenyewe ni iridi-192, visahani vya chuma vya milimita chache tu. Kinakaa ndani ya kasha lenye uzito wa zaidi ya kilo 20, na kinachozuia mionzi isivuje kutoka kwenye kasha hilo ni urani, ile iliyokwisha kutolewa sehemu yake kali. Kila ninapopita Barabara ya Mandela na gari lenye alama ya mionzi, nimebeba urani.

Iridi hiyo haichimbwi ikiwa na mionzi. Iridi ya kawaida huingizwa ndani ya kinu, ikapigwa na nyutroni, chembe zinazoruka urani inapopasuka, mpaka ikageuka. Ikitoka pale inaanza kuchoka: kila siku 74 nguvu yake inapungua nusu. Huwezi kuiwekea akiba stoo. Lazima kila baada ya miezi kadhaa kije chanzo kipya kutoka kwenye kinu cha watu, kwa vibali vya Tume ya Nguvu za Atomu.

Hospitalini mambo ni hayo hayo, tena kwa haraka zaidi. Teknesi inayotumika kupiga picha za mifupa na tezi hutoka kwenye molibdeni-99, inayopungua nusu kila saa 66. Teknesi yenyewe ni saa 6. Moja ya vinu vinavyotengeneza molibdeni hiyo kwa wingi ni SAFARI-1 cha Pelindaba, Afrika Kusini, kinachofanya kazi tangu 1965.

Kwa hiyo nchi haina kinu, lakini vinu vya wengine vinatufanyia kazi kila siku.

Hoja hiyo niliipenda kwa siku chache, halafu nikaiona mapungufu. Inaeleza kwa nini tunahitaji watu wa kutumia mionzi, na hao tunao. Haielezi kwa nini tumsomeshe mtu namna chuma cha kinu kinavyozeeka.

Chuma kinapopigwa

Mtungi anaousema mpwa wangu ni ule wa chuma unaoyazunguka mafuta ya nyuklia. Kwenye vinu vya maji ya shinikizo, ambavyo ndivyo vingi duniani, ukuta wake una unene wa sentimita 20 hivi. Ndani yake maji yana joto la nyuzi 300 hivi na shinikizo la zaidi ya mara 150 ya hewa tunayovuta. Iridi yangu haiwezi kuupenya ukuta huo.

Mpwa wangu alikuja kwangu Tabata na kompyuta yake kunionyesha kinachotokea ndani ya ukuta ule. Alikuwa na programu huria, LAMMPS, inayoiga mwendo wa atomu moja moja. Kwenye kioo kulikuwa na mchemraba wa atomu za chuma, safu juu ya safu, zimenyooka. Akaisukuma atomu moja kwa nguvu, kama ambavyo nyutroni ingeifanya. Safu zikavurugika katikati ya mchemraba, vurugu ikatanuka, halafu ikatulia yenyewe.

"Angalia sasa, mjomba. Umeona zilizobaki nje?"

Ni kama basi la mwendokasi lililojaa pale Kimara asubuhi. Mmoja akisukumwa kwa nguvu mlangoni, msukumo unafika hadi nyuma, watu wanayumba wote, kisha karibu kila mtu anarudi kwenye nafasi yake au ya jirani. Karibu kila mtu. Wachache wanabaki wamebanwa mahali ambapo hapakuwa na nafasi, na pengine panabaki pengo lisilo na mtu.

Atomu ya chuma inahitaji elektronivolti 40 hivi, kipimo kidogo sana cha nishati, ili ing'oke mahali pake. Nyutroni inayotoka kwenye mpasuko wa urani inakuja na milioni moja, mbili. Vurugu niliyoiona kwenye kioo, katika chuma halisi huanza na kwisha ndani ya sehemu chache za trilioni za sekunde, ikaacha makumi ya mapengo na atomu zilizopotea njia. Kisha inakuja nyutroni nyingine. Miaka 40. Miaka 60. Vipande vilivyo karibu kabisa na mafuta, kila atomu yake inaweza kung'olewa makumi ya mara kabla kinu hakijastaafu. Ukuta wa mtungi, ulio mbali kidogo na uliokingwa na maji, unapata dozi ndogo sana ukilinganisha na hiyo. Na dozi hiyo ndogo inatosha kuubadilisha.

Jambo hili lilionwa mapema. Eugene Wigner, aliyesomea uhandisi wa kemia kabla hajawa mwanafizikia, alikuwa kwenye kundi la Enrico Fermi pale Chicago lililowasha kinu cha kwanza tarehe 2 Desemba 1942. Ni yeye aliyeonya kwamba nyutroni zitazing'oa atomu za kaboni kwenye grafaiti, yale matofali ya kaboni yaliyojengea vinu vya mwanzo, na kuacha nishati imejificha humo. Oktoba 1957, pale Windscale, Uingereza, mafundi walikuwa wakijaribu kuitoa nishati hiyo kwa kuipasha moto grafaiti. Kinu kikaungua.

Shaba kwenye waya

Kilichonibadilisha ni kitu ninachokiona kila siku.

Nilikuwa karakana moja Chang'ombe nikisubiri tangi lipoe. Fundi alikuwa anabadilisha waya wa mashine ya kuchomelea, ule unaozungushwa kwenye koili. Alichana karatasi yake, na waya ukang'aa wekundu pale kwenye mwanga wa mlango. Waya ni wa chuma. Wekundu ni shaba iliyopakwa juu, utando mwembamba sana, ili usishike kutu, uteleze vizuri kwenye mpira na upitishe umeme bila kusitasita. Maisha yangu yote ya kazi nimekuwa nikiukuta waya huo na sijawahi kuutilia shaka, na sina sababu. Kwa geti, kwa tangi la maji, kwa nguzo ya ghala, shaba hiyo haina neno.

Usiku ule nilikuwa nasoma moja ya makala alizoniachia mpwa wangu, nikakutana nayo.

Mitungi ya vinu vya awali ilichomelewa kwa waya uliopakwa shaba. Utando uliyeyuka pamoja na waya, ukaingia kwenye maungio. Baadhi ya maungio ya zamani yana shaba hadi asilimia 0.3. Kwa chuma cha kawaida hiyo ni takataka isiyo na madhara. Ila shaba haipendi kukaa ndani ya chuma. Chuma kinapokuwa cha moto sana huipokea, kikipoa huwa imeshanaswa humo, atomu moja hapa, moja kule, zikitamani kukutana na zisiweze kusogea, maana kwa joto la nyuzi 290 atomu za shaba zinatembea polepole mno.

Nyutroni ndizo zinazozifungulia njia. Yale mapengo niliyoyaona kwenye kompyuta ndiyo yanayozisogeza atomu za shaba, hatua kwa hatua, mpaka zinakutana na kufanya vifundo vya nanomita chache, yaani sehemu chache za milioni za milimita. Vifundo hivyo vinaziba njia ambazo chuma huzitumia kupinda. Chuma kinakuwa kigumu zaidi, na ugumu huo ndio ubaya wenyewe: kikiwa na ufa, badala ya kunyumbulika na kuuzuia, kinapasuka.

Uhusiano wa shaba na kuzeeka huku uligunduliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Watengenezaji wa mitungi wakaacha waya wa shaba. Lakini mitungi iliyokwisha chomelewa ilikuwa imeshafungwa, na mtungi wa kinu haubadilishwi. Pale Koeberg, karibu na Cape Town, mitambo ya kuzalisha mvuke ya kinu cha kwanza ilibadilishwa mwaka 2023 ili kinu kiendelee kufanya kazi, na Julai 2024 mamlaka ya usalama wa nyuklia ikakiruhusu kiendelee hadi 2044. Mtungi ni ule ule wa tangu 1984.

Nilikaa na jambo hilo muda mrefu. Uamuzi wa fundi wa kupaka shaba ulikuwa wa busara kabisa siku ulipofanywa. Madhara yake yalihitaji miaka na nyutroni zisizohesabika ili yaonekane, na aliyeyaona hakuwa mwenye kiwanda wala mwenye umeme. Alikuwa mtafiti aliyekuwa akivunja vipande vya chuma.

Nyundo

Kuvunja vipande ni kazi ya heshima kuliko inavyosikika.

Kabla kinu hakijawashwa, vipande vya chuma kile kile cha mtungi, pamoja na vya maungio yake, hufungwa kwenye vikasha na kuning'inizwa ndani, karibu zaidi na mafuta kuliko ukuta wenyewe. Kwa kuwa viko karibu, vinazeeka haraka. Vinatangulia. Baada ya miaka kadhaa kikasha kimoja kinatolewa, vipande vinawekwa kwenye mashine ya Charpy, nyundo nzito inaachiwa ibembee na kuvivunja. Kila kipande kina upana wa milimita 10 kwa 10, urefu 55, na kata ya milimita 2 katikati. Unapima nyundo imepoteza nguvu kiasi gani. Unafanya hivyo kwa vipande vya baridi, vya uvuguvugu na vya moto, hadi uone ni joto gani ambapo chuma kinaacha kupinda na kuanza kupasuka. Joto hilo hupanda kadiri mtungi unavyozeeka. Likipanda sana, maji baridi ya dharura yakimiminwa ndani ya mtungi wa moto yanaweza kuwa hatari kwa kile yanachokiokoa.

Ukivishika vipande vilivyovunjika utaona tofauti kwa macho. Kilichopinda kabla ya kukatika kina uso wa kijivu wenye nyuzinyuzi, na kingo zake zimevutika. Kilichopasuka ghafla kina uso bapa unaometameta.

Kutokana na vipande kama hivyo watu hufanya maamuzi ya mabilioni. Kinu cha Yankee Rowe, Marekani, kilifungwa moja kwa moja mwaka 1992 baada ya mashaka juu ya mtungi wake kushindwa kuondolewa. Finland mwaka 1996 waliupasha moto mtungi wa Loviisa 1 ili kurudisha unyumbukaji wa chuma chake, na Armenia wakafanya hivyo Metsamor mwaka 2021.

Sasa niwaze Tanzania. Mtungi umefungwa, mahali fulani, na kampuni ya nje imekabidhi funguo. Baada ya miaka kumi kikasha cha kwanza kinatolewa. Nani atavivunja vipande? Akishavivunja, nani atasoma matokeo na kumwambia waziri kwamba mambo ni mazuri, au kwamba si mazuri? Kama jibu ni yule yule aliyeuza, basi hatuna jibu.

Ubelgiji, 2012

Kuna kisa kimoja ninachomsimulia kila mhandisi mwenzangu siku hizi, hasa wale wa ukaguzi.

Mwaka 2012 wakaguzi walipitisha mawimbi ya sauti kwenye mtungi wa kinu cha Doel 3, kisha Tihange 2. Ni njia ile ile ninayoitumia mimi kwenye mabomba, kwa vifaa vikubwa zaidi. Wakakuta dosari ndogo ndogo ndani ya ukuta. Maelfu. Zilikuwa zimesababishwa na haidrojeni iliyonaswa wakati chuma kinafuliwa miaka ya 1970. Vinu vilikuwa vimetoa umeme kwa takriban miaka thelathini vikiwa nazo.

Je, vizimwe au viendelee? Vilizimwa, vikawashwa 2013, vikazimwa tena 2014 kwa sababu chuma kinachofanana nacho, kilipopigwa nyutroni kwenye kinu cha utafiti, kiliishiwa unyumbukaji kuliko ilivyotarajiwa. Vikaja kuwashwa tena mwishoni mwa 2015. Wapo waliokasirishwa na kila uamuzi kati ya hiyo, na sina haja ya kuwa hakimu wao. Ninachokitazama ni mahali majaribio yalikofanyika: Mol, Ubelgiji kwenyewe, kwenye kinu chao cha utafiti cha BR2, katika kituo walichokianzisha mwaka 1952. Swali lilipofika, nchi ndogo ilikuwa na watu wa kuliuliza kwa lugha ya kitaalamu, na kinu cha kulijaribia.

Watu wale walianza kusomeshwa kabla Doel haijajengwa.

Kinshasa

Hapa ndipo moyo wangu uliposita, kwa sababu historia ya Afrika ina upande mwingine.

Kinu cha kwanza barani kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959, kwenye chuo kikuu cha Lovanium, kwa juhudi za Luc Gillon, padre mwanafizikia aliyekuwa mkuu wa chuo. Urani ya Kongo, kutoka mgodi wa Shinkolobwe, ndiyo iliyotumika kwa sehemu kubwa kwenye bomu la Hiroshima, na Wakongo walikuwa na kila haki ya kupata elimu ya kitu kilichotoka kwenye ardhi yao. Kinu cha pili, cha megawati 1, kilifuata miaka ya 1970. Mwaka 2004 kikasimama.

Nikiitazama Kinshasa nasikia sauti ya shemeji. Kifaa kinaweza kuja, picha zikapigwa, utepe ukakatwa, halafu vipuri vikakosekana na vijana waliosomeshwa wakatawanyika.

Ghana walikwenda taratibu. Mwaka 1994 waliwasha kinu kidogo sana, kilowati 30, cha kufundishia na kupimia sampuli. Mwaka 2006 wakafungua shule ya uzamili ya sayansi ya nyuklia pamoja na Chuo Kikuu cha Ghana, inayopokea wanafunzi kutoka nchi nyingine za Afrika pia. Mwaka 2017, walipotakiwa kuondoa mafuta makali na kuweka hafifu, wataalamu wao walishiriki kuifanya kazi hiyo. Nimejiuliza mara nyingi tofauti ya hizo mbili ni nini. Vita na umaskini vina sehemu kubwa, sitaki kuwalaumu ndugu zetu wa Kongo kwa yaliyowakuta. Lakini naamini shule ina sehemu yake.

Yanayoniuma bado

Siwezi kusema mashaka yameisha.

La kwanza ni fedha. Tunalo Bwawa la Nyerere la megawati 2,115, tuna gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, tuna jua. Mtaa wangu umeme ukikatika, tatizo huwa ni transfoma au nguzo. Ukiniuliza leo kama Tanzania ijenge kinu cha umeme kesho, nitakwambia hapana, bado. Naogopa pia kwamba mtu akisikia chuo kinafanya utafiti wa vinu, atachukulia ni kibali cha kununua.

Ila maamuzi mengine hayatusubiri. Namtumbo, mradi wa urani wa Mto Mkuju ulizindua mtambo wake wa majaribio Julai 2025, na mwenye mradi ni kampuni ya shirika lile lile la Urusi linalojenga na kuuza vinu duniani. Kenya kwa miaka sasa wanazungumzia kinu chao. Siku mazungumzo ya kwetu yatakapokuwa makali, nataka upande wetu wa meza awepo mtu anayeweza kuuliza: maungio ya mtungi, pale unapoyazunguka mafuta, yana shaba asilimia ngapi? Vikasha vya majaribio viko vingapi, na vinatosha miaka yote 60? Vipande vya akiba vya chuma hicho vitahifadhiwa wapi, kwetu au kwenu? Swali kama hilo linaandikwa kwenye mkataba kwa mstari mmoja. Kumwandaa mtu wa kuliandika ni miaka kumi, pengine kumi na mitano.

La pili ni kwamba wanaoondoka hawarudi. Hili shemeji alilisema kwa sauti ya chini zaidi kuliko yote, na nilimwelewa, kwa kuwa ni mtoto wake wa pekee wa kike. Sina dawa ya hili. Najua tu kwamba mtu hurudi kwenye kazi, na kazi ikiwepo hapa nusu ya sababu za kubaki huko zinaondoka. Anayejua kwa nini chuma kinapasuka hakai bila kazi Dar es Salaam. Mabomba ya gesi yanazeeka. Boila za viwanda vya sukari zinazeeka. Mageti na mitambo ya bwawa itazeeka.

La tatu nilimuuliza mpwa wangu mimi mwenyewe, nikidhani ndilo litakalomaliza ubishi. "Mama, utafiti huu utaufanyia wapi, wakati kinu hakuna?"

Tanuri la nyuzi 500

Alikuwa na jibu tayari, na ndilo lililonifanya niandike.

Shaba ile ile inayosogezwa na nyutroni kwa miaka, husogea yenyewe ukikipasha chuma chake joto la nyuzi 500 hivi kwa saa nyingi. Vifundo vinajitengeneza vile vile vya nanomita chache, chuma kinakuwa kigumu, na kwenye nyundo kinaonyesha dalili za uzee. Watafiti wa vinu wametumia njia hii kwa miongo. Haileti yale mapengo ya nyutroni, kwa hiyo ni nusu ya picha, lakini ni nusu inayohitaji tanuri la karakana, mashine ya kupima ugumu, nyundo ya Charpy na uvumilivu. Hakuna mionzi hata kidogo.

Nusu ya pili inahitaji mashine ya kurusha ioni, yaani atomu zenye chaji ya umeme. Ioni nzito zinaweza kukifanyia chuma ndani ya siku chache uharibifu ambao kinu kingechukua miaka kuufanya, na mara nyingi kipande kinabaki salama kushikwa. Zinapenya sehemu ndogo sana ya milimita, kwa hiyo hapo hutumii nyundo. Unabonyeza uso wa kipande kwa ncha ya almasi chini ya darubini. Mashine za kurusha chembe ziko Afrika Kusini, iThemba LABS. Zipo Michigan na Manchester. Unatuma vipande, au unakwenda mwenyewe kwa wiki chache na kurudi.

Mpango wake ni huu. Achomelee sahani za chuma kwa waya uliopakwa shaba na kwa waya usiopakwa, waya unaouzwa hapa hapa mjini. Apime shaba iliyomo kwenye maungio. Akate vipande, avipashe moto kwa muda tofauti, avivunje kwenye joto tofauti kuanzia chini ya sifuri. Vingine vipelekwe kwenye ioni. Alinisomea ukurasa mzima uani kwangu, na nilichomrekebisha ni namna ya kuondoa unyevu kwenye sahani kabla ya kuchomelea, maana haidrojeni ikiingia mapema itamharibia kila kipimo.

Nimewaambia wazazi wake msimamo wangu: aende, na mimi nitazipiga picha sahani zote kabla hazijakatwa, ili asije akavunja kipande chenye kiputo akadhani amegundua kitu. Shemeji ametaka kwanza aone barua ya udahili na jina la msimamizi, na nadhani ana haki.

Tunachokosa kwa sasa ni barafu kavu ya kupozea vipande, na nyundo ya Charpy ambayo imepimwa usahihi wake karibuni. Kama unafundisha au unasimamia maabara hapa Dar na mashine yako iko sawa, na unaweza kutupa nafasi hata ya siku za Jumamosi, tafadhali niandikie. Vipande tutakuja navyo vimeshakatwa.